Pikipiki ya Mkataba, Kofia Ngumu na Mnyororo: Elimu kwa Waendeshaji na Abiria

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika kata zetu bado zinadaiwa. Baadhi ziko chini ya mkataba, ambapo kijana hupeleka hesabu kwa tajiri hadi chombo kiwe chake. Nyingine zimetokana na mikopo isiyo na riba inayotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Chombo kikiibwa, au injini ikifa kwa kukosa oili, deni hubaki palepale, na katika kikundi huwaangukia hata wanachama wasiojua kuendesha. Kwa sababu hiyo makala hii inamhusu pia mwenye kikundi, mwenye chombo na abiria.

Tuanze na kichwa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali za kimataifa ulionesha kuwa kofia ngumu humpunguzia mwendeshaji anayepata ajali uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Manufaa hayo hupatikana kofia inapokuwa imefungwa. Kofia iliyowekwa kichwani huku mkanda wa kidevuni ukining'inia hutangulia kuruka kabla mwenyewe hajafika chini. Ijaribu dukani: funga mkanda, kisha jaribu kuizungusha kwa mikono. Ikigeuka huku kichwa kimetulia, ni kubwa mno. Kofia za mafundi ujenzi hazikutengenezwa kwa kazi hii, wala hazifai.

Kinachookoa ubongo zaidi ni povu gumu lililo ndani, ambalo hubonyea na kumeza kishindo. Povu hilo hufanya kazi hiyo mara moja tu. Kofia iliyokwisha kugonga lami katika ajali haifai tena, hata kama rangi yake haijachubuka. Vilevile isisafishwe kwa petroli, kwa kuwa petroli huliyeyusha povu. Maji na sabuni hutosha. Abiria wengi huikataa kofia ya pili kwa kuhofia jasho la waliotangulia, na hofu hiyo ina msingi. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani huiondoa, na mwendeshaji anayekumbuka kukausha kofia juani kila siku hapati shida ya kumshawishi mteja.

Akina mama wanaojifunga kanga au kitenge wahakikishe ncha zote zimekaliwa kabla ya kuondoka. Nguo iliyonaswa na spoki au mnyororo humvuta abiria chini ghafla, na mwendeshaji hana namna ya kuliona hilo likianza. Kandambili, kwa upande wake, hazimlindi mtu yeyote.

Kuhusu matengenezo, mnyororo ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, kisha usukume mnyororo wa chini juu na chini kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wa milimita 20 hadi 30 unatosha, ingawa kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha chombo chako. Wapo wanaokaza hadi mnyororo unakuwa kama waya wa uzio wakidhani ndiyo uimara. Abiria wawili wakipanda, mnyororo huo huvutika zaidi, ukaharibu beringi au ukakatika. Kuupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini ni desturi iliyoenea na ni hasara, kwani oili hiyo ina chembe za chuma na hunasa vumbi la barabara zetu za changarawe. Usafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushe, kisha upake oili safi ya gia.

Oili ya injini nayo si oili yoyote. Katika pikipiki hizi, oili ileile hulainisha injini, gia na klachi. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze, chombo kikanguruma bila kupanda mlima. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazoeleza lilipotengenezwa: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Breki ya mbele, ambayo baadhi ya vijana huilegeza kwa kuiogopa, ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha chombo. Itumieni pamoja na ya nyuma, kwa kubana polepole.

Juu ya wizi, funga usukani kila unaposhuka, hata kama unaingia dukani kwa dakika moja, na ongeza kufuli la mnyororo linalopita kwenye gurudumu na kitu kisichong'oleka. Usiku, mwenzako wa kijiweni ajue unampeleka nani na wapi; abiria anayebadilisha safari njiani kuelekea mahali pasipo na watu anaweza kukataliwa. Kumbuka kuwa bima ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine, na hailipi pikipiki iliyoibwa.

Anayenunua pikipiki iliyotumika alinganishe namba ya chasisi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, pamoja na zile zilizo kwenye kadi. Namba iliyosuguliwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuondoka bila kulipa. Zikilingana, andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi na mkamilishe uhamisho wa umiliki TRA. Piga picha ya kadi na ya namba zote mbili, nakala moja uihifadhi nyumbani na nyingine kwa katibu wa kikundi, kwa sababu siku ya kutoa taarifa polisi hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.