Mshono wa Chuma Hupimwa kwa Kuvunjwa

Kuchomelea kunatofautianaje na kutia lehemu?

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma viwili mpaka vichanganyike viwe kitu kimoja. Fundi redio anayetia lehemu hayeyushi waya, anayeyusha risasi inayogandia juu yake. Ribiti nazo hubana tu. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozama katika delta ya Rufiji Julai 1915, ilikuwa imeshonwa kwa ribiti, bati limelalia bati, na hakuna lililoyeyuka. Naianza habari hapa kwa sababu mwanagenzi anaweza kushika holda, akawasha cheche, na bado akawa anatia lehemu bila kujua: rodi imeyeyuka, imemwagika juu, imepoa inang'aa, na chini yake vyuma vimebaki viwili. Kwa kutazama tu, hata fundi mzoefu anaweza kudanganyika.

Basi anayeanza aanze na nini?

Aanze kwa kuvunja kazi yake mwenyewe. Chukua vipande viwili vya flatibaa, simamisha kimoja juu ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa, vishikize kwa vitone viwili, kisha chomelea upande mmoja tu. Kikishapoa, gonga gamba linalofunika mshono litoke, halafu kipige nyundo kile kilichosimama ili kilalie upande wenye mshono, mpaka kikatike. Sasa tazama kona ya ndani. Ukiona ukingo wa flatibaa umenyooka vilevile kama ulivyotoka dukani, moto haukupenya: mkondo ulikuwa mdogo, au mkono ulikwenda mbio. Ukiona michirizi myeusi kama kioo, umelifukia gamba ndani ya chuma, kosa la mtu anayepitisha mshono wa pili bila kusafisha wa kwanza. Matundu madogomadogo yanatokana na kutu, rangi, mafuta, rodi yenye unyevu, au ncha ya rodi kuinuliwa mbali mno. Kipande kimoja kilichovunjika kinafundisha zaidi ya wiki nzima ya kumtazama fundi mkuu begani.

Vipimo vya kuanzia vipo. Rodi ya milimita 2.5 hutaka takriban ampea 70 hadi 90, ya milimita 3.2 hutaka 90 hadi 130, na pakiti huandikwa kiwango chake. Umbali kati ya ncha na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe. Rodi iinamie kidogo kule unakoelekea, ili gamba libaki nyuma ya dimbwi la chuma kilichoyeyuka lisilitangulie. Lakini umeme ukiwa hafifu, kama unavyokuwa mwishoni mwa laini ndefu, zile mashine za koili za shaba hutoa mkondo mdogo kuliko unaosomeka kwenye kitufe. Hapo namba haikusaidii. Vunja tena, uone.

Dukani kuna rodi za 6013 na 7018. Ile yenye namba kubwa si ndiyo bora?

Tarakimu mbili za kwanza zinaeleza nguvu ya mshono: 60 ni paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni paundi 70,000. Ile 1 inasema rodi inafaa kwa mikao yote, na ya mwisho inataja aina ya unga uliopakwa. Kwa hiyo 7018 ina nguvu zaidi, lakini unga wake lazima uwe mkavu kabisa. Ukinyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye chuma cha moto, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa. Karakana kubwa huzitunza rodi hizo katika tanuri. Kwa hewa ya mikokoni na karakana isiyo na tanuri, 6013 iliyofungwa vizuri ni chaguo la busara kwa mageti, grili na keria za pikipiki.

Vyombo vya delta ya Rufiji ni vya mbao. Mvuvi wa Mbwera au Nyamisati ana haja gani na mchomeleaji?

Ana haja ya nanga. Tazama nanga ya makucha manne iliyotengenezwa kwa nondo: ikikatika, mara nyingi haikatiki kwenye mshono bali kando yake, milimita chache tu. Nondo nyingi zina kaboni zaidi ya chuma laini cha kawaida. Sehemu iliyopata joto bila kuyeyuka, ikipoa ghafla, inakuwa ngumu na kukosa mnyumbuko, kama patasi iliyotiwa maji. Na hivyo ndivyo anavyofanya fundi mwenye haraka anayeitosa nanga ya moto kwenye ndoo. Nondo nene ipashwe moto kwanza, iachwe ipoe polepole, au kucha zitengenezwe kwa chuma laini cha duara. Kisha kucha moja ya majaribio ikunjwe kwa nyundo. Ikivunjika bila kupinda, nyingine zitavunjikia majini.

Wako mafundi Kibiti waliobobea bila kuvunja chochote. Na rodi si bure.

Wamebobea, ni kweli, ila naamini na wao kuna kazi zilizovunjika, isipokuwa zilivunjikia kwa mteja. Geti halibebi mzigo mkubwa, ndiyo maana mshono mbovu unaweza kudumu miaka na fundi akasifiwa. Pwani ina hukumu yake: pale ambapo vyuma havikushikana panabaki ufa mwembamba, maji ya chumvi yanaingia, rangi haifiki, na kutu inakula kutoka ndani. Kuhusu gharama, sikubaliani. Jaribio linataka vipande vya kutupwa na rodi moja au mbili. Wala sisemi kila grili ivunjwe. Pima unapobadili rodi, mashine au unene wa chuma.

Na usalama?

Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haizuii mwanga wa cheche, na macho huanza kuwasha kama yametiwa mchanga usiku, saa nyingi baada ya kazi. Bati la zinki lisagwe kwanza, kwani moshi wake huleta homa. Usichomelee umesimama kwenye maji. Na pipa lililobeba petroli ya mashine ya boti usiliguse kwa moto hata likiwa tupu, kwa maana kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani.