Miti Ifaayo Kupandwa Karibu na Nyumba
Maelezo kwa wenye viwanja na vishamba vya Kinondoni na Temeke

Maelezo haya yameandikwa kwa mkulima mdogo aliye na kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, au Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Zamani sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa mashamba ya minazi, miembe na mikorosho. Sasa nyumba zaongezeka na ardhi ya kila mtu yapungua, kwa hiyo hapana budi mti uchaguliwe kwa akili. Mti uliopandwa mahali pasipofaa hauonyeshi ubaya wake mpaka umekwisha kuwa mkubwa, na hapo kuung'oa ni gharama, na miaka iliyopita hairudi.

1. Wakati wa kupanda

Katika nchi za baridi watu hupanda baridi inapokwisha. Kwetu pwani joto halikosekani; tungojalo ni mvua. Masika, tangu Machi hata Mei, ndiyo bora, maana udongo hulowana mpaka chini na mizizi hupata nafasi ya kushika. Mvua za vuli ni fupi, na baada yake huja jua kali la Januari na Februari. Apandaye wakati wa vuli awe na maji karibu.

Mashimo yachimbwe Februari, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, yaani kama futi 2. Udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini. Kisha uchanganye ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, uurudishe shimoni, ungoje mvua. Samadi mbichi isitiwe, kwani huunguza mizizi.

2. Kitazame kiwanja kwanza

Kabla ya kununua miche, zunguka kiwanja chako. Angalia jua la alasiri lapiga ukuta upi, maji ya mvua yatuama wapi, na shimo la choo, kisima na nyaya za umeme ziko upande gani. Mti wa kivuli uwe upande wa magharibi, lakini usizibe njia ya upepo wa kusi na wa kaskazi, maana ndio upoozao nyumba.

Mwembe, mfenesi na mkorosho ni miti mipana. Isiwe karibu na nyumba wala shimo la choo kwa chini ya mita 8. Mizizi hufuata unyevu, nayo huweza kupasua kuta za shimo. Bondeni ambako maji hutuama, mpapai usipandwe kabisa, maana huoza mizizi upesi. Hapo migomba yafaa zaidi, maadamu maji yana njia ya kutoka.

3. Miti ya matunda

Mwembe. Nunua mche uliobebeshwa. Huo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, wala haukui sana kama ule wa kokwa. Mmoja watosha kiwanja kidogo.

Mdimu na mchungwa. Hii ni miti midogo, yafaa sana. Iachane mita 6.

Mpapai. Panda miche mitatu pamoja, maana mingine ni midume isiyozaa. Itoapo maua, bakiza mmoja ulio jike. Katika shamba zima, acha dume mmoja kwa majike kumi hivi.

Mnazi. Usiupande palipo na paa au watoto wachezapo, kwa kuwa nazi ikianguka huweza kuua mtu. Iachane mita 9. Jihadhari na ugonjwa wa kunyong'onyea: nazi changa hupukutika, makuti hugeuka manjano, mwisho kilele huanguka. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mnazi ulioshikwa ukatwe. Gogo lisiachwe likaoza, maana mbawakawa mweusi mwenye pembe, aharibuye minazi, huzaliana humo. Vifuu navyo vifukiwe, kwani maji yatuamayo ndani yake huzaa mbu waletao homa ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

4. Miti ya kivuli na ya ua

Mwarobaini hustahimili ukame na mchanga, nao hupendwa kwa dawa. Walakini hukua ukawa mkubwa, basi uwe mbali na ukuta. Karibu na bahari, mvinje huvumilia upepo wa chumvi.

Kwa ua, michongoma yafaa kuzuia mbuzi na wezi, ila yataka kukatwa mara kwa mara. Mnyaa hushika upesi kwa kipande cha tawi tu, lakini utomvu wake ukiingia jichoni hudhuru vibaya. Penye watoto wadogo, afadhali kuuacha.

5. Mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30

Nyumba ikiwa mbele, huko nyuma panda mwembe mmoja wa kubebeshwa kwenye pembe ya magharibi, midimu miwili upande wa pili, na mipapai mitatu penye jua. Nafasi iliyobaki iwe ya mchicha na bamia. Mnazi haufai hapo, ijapokuwa wengi huutamani.

6. Utunzaji

Mwaka wa kwanza ndio wa hatari. Tangu Juni mpaka vuli ianze, kila mche upate ndoo moja ya maji mara mbili kwa wiki. Tandaza nyasi kavu kuuzunguka, lakini zisiguse shina, maana mchwa watapanda. Zungushia miiba kuzuia mbuzi. Miti mitatu itunzwayo vema yashinda ishirini iliyopandwa ikasahauliwa.