Mazoezi ya Moyo na Mapafu katika Kupunguza Uzito: Kipi Kiahidiwe kwa Mgonjwa

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari kuna kisa kinachojirudia. Mama wa makamo mwenye uzito wa kilo 80, anayetumia dawa mbili za shinikizo la damu, huambiwa kwamba anapaswa kufanya mazoezi ili apungue. Naye hutii. Kwa miezi mitatu huamka alfajiri, hujifunga kanga yake na kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, kisha hurudi kliniki akitarajia pongezi. Mizani husoma kilo 79.5. Mhudumu hukunja uso na kuuliza kama kweli alitembea. Mama huondoka akiamini mambo mawili: kwamba mwili wake ni mkaidi, na kwamba ameonekana mwongo. Wiki inayofuata haamki tena alfajiri, na si ajabu baada ya muda dawa nazo zikaanza kusahauliwa.

Mama huyo hakudanganya wala mwili wake si mkaidi. Kilichokuwa na kasoro ni ahadi aliyopewa. Makala haya yanaeleza kazi halisi ya mazoezi ya moyo na mapafu, yaani kutembea kwa haraka, kukimbia polepole, kuendesha baiskeli, kuogelea, kuruka kamba, hata kucheza ngoma, katika kupunguza uzito; na sababu za kuyashikilia hata pale mizani inapogoma.

Hesabu ya nusu saa

Mwili hupima kazi zake kwa nishati. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 hadi 6 kwa saa hutumia nishati takriban mara 4 ya ile ambayo angetumia akiwa ameketi tu. Kwa mtu wa kilo 80, nusu saa ya mwendo huo hugharimu takriban kilokalori 160. Hata hivyo, kama angebaki kitini kwa nusu saa hiyo hiyo bado angetumia takriban 40, kwa kuwa moyo, ubongo na ini havipumziki. Kwa hiyo, ziada anayoipata kwa kutembea ni kilokalori 120 hivi.

Mara 5 kwa wiki ni kilokalori 600; kwa wiki 12 ni 7,200. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kilokalori 7,700. Maana yake ni kwamba mama yule, kwa utiifu wote wa miezi mitatu, alistahili kupungua pungufu kidogo ya kilo moja, tena kwa sharti kwamba hakuongeza hata tonge moja katika mlo wake. Kilo moja hufichwa na maji aliyokunywa asubuhi, nguo alizovaa, au mizani ya kliniki ambayo haijarekebishwa tangu iliponunuliwa.

Ulinganisho na chakula hufundisha zaidi. Soda ya kawaida yenye ujazo wa mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, sawa na kilokalori 140 hivi. Inamezwa kwa dakika 5, nayo hufuta nusu saa nzima ya kutembea na kubakiza chenji. Mgonjwa aliyezoea soda moja kila siku, akiiacha na kunywa maji badala yake, hujiondolea katika miezi hiyo mitatu nishati nyingi kuliko yule aliyetembea siku 5 kwa wiki. Ni hesabu ya makadirio, kwani mwili hubadilika kadiri unavyopungua, lakini inatosha kuonyesha upande ambako mzigo mkubwa unapaswa kuwekwa. Uzito hupunguzwa kwanza mezani.

Mwili unavyofidia

Hata ile kilo moja si lazima ipatikane yote. Mwaka 2009 Timothy Church na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wenye uzito uliozidi na wasio na mazoea ya mazoezi. Waligawanywa katika makundi yaliyofanya mazoezi kwa takriban dakika 72, 136 au 194 kwa wiki kwa muda wa miezi sita, pamoja na kundi la nne ambalo halikufanya. Ingetarajiwa kwamba waliofanya mengi zaidi wangepungua zaidi. Haikuwa hivyo. Kundi la dakika 72 lilipungua kwa wastani wa kilo 1.4, la dakika 136 kilo 2.1, na la dakika 194 kilo 1.5 tu, nusu hivi ya kile ambacho hesabu ilitabiri. Kundi lisilofanya mazoezi lenyewe lilipungua kilo 0.9.

Mambo kadhaa huchangia fidia hiyo. Njaa huongezeka kwa baadhi ya watu. Wengine hujizawadia: aliyekimbia asubuhi huona amestahili chapati ya pili, naye hana nia mbaya. Wengine hutembea nusu saa, kisha kwa uchovu huketi mchana kutwa, wakaacha kazi ndogondogo za nyumbani ambazo zingetumia nishati bila wao kujua.

Lipo jambo la ndani zaidi, na ushahidi wake mmoja mashuhuri ulipatikana Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya nishati kwa watu wazima 30 wa jamii ya Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa chakula wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Watafiti waliwapa maji maalumu yaliyotiwa isotopu za haidrojeni na oksijeni, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa ili kujua nishati yote waliyoitumia. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, mbali na kuchimba mizizi na kubeba kuni na maji. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda maofisini. Mwaka 2016 kundi hilo la watafiti lilichapisha vipimo vya watu wazima 332 kutoka Ghana, Afrika Kusini, Shelisheli, Jamaika na Marekani. Nishati ilipanda kadiri shughuli zilivyoongezeka, lakini hadi kiwango fulani tu. Baada ya hapo ilikaribia kusimama.

Yaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama kaya inayopunguza matumizi ya mkaa ada za shule zinapopanda. Wataalamu bado wanajadili ukubwa wa ubanaji huo, na haupo kwa kiwango kimoja kwa watu wote. Lakini mhudumu anayejua jambo hili hatamwita mgonjwa wake mwongo.

Kwa nini basi yashikiliwe

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Madereva waliketi siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Makondakta waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walipougua, vifo vya ghafla vilikuwa vichache zaidi. Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alitumia vipimo vya sare za kazi na kuonyesha kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vikubwa zaidi. Je, basi, ilikuwa ni unene tu? La. Hata walipolinganishwa watu wenye kiuno kinachofanana, makondakta bado walikuwa na nafuu. Moyo ulikuwa unafaidika na ngazi zile, kiuno kipungue kisipungue.

Ndilo jambo ambalo mizani haiwezi kulisema. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi haya yakifanywa kwa mfululizo hushusha namba ya juu ya kipimo kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki, kiasi kinachokaribia kile cha dawa moja ya ziada. Kwa mwenye kisukari, msuli unaofanya kazi hufungua milango ya sukari bila kuisubiri insulini, na usikivu wa mwili kwa insulini huimarika kwa siku moja hadi tatu baada ya mazoezi. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kumaliza dakika 150 zote Jumamosi peke yake hakuleti faida ileile katika kudhibiti sukari.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, nayo huitikia mazoezi kuliko mafuta yaliyo chini ya ngozi. Katika utafiti wa Church uliotajwa, makundi yote yaliyofanya mazoezi yalipungua kiuno kuliko kundi lisilofanya, pamoja na kwamba tofauti ya kilo ilikuwa ndogo. Kwa hiyo utepe wa fundi cherehani, unaouzwa kwa bei ndogo katika kila soko, una nafasi yake kliniki kando ya mizani. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 ni dalili ya hatari na kinachozidi 88 ni hatari kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Kipimo kichukuliwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi kwa utulivu. Wengi hubana tumbo bila kujijua.

Kuna kazi nyingine ambayo mazoezi huifanya vizuri kuliko kupunguza uzito, nayo ni kuuzuia usirudi. Anayepungua kwa kupunguza chakula peke yake hupoteza pia misuli, aghalabu karibu robo ya uzito ulioondoka. Anayejumuisha mazoezi, hasa akiongeza ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki, huihifadhi zaidi. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilieleza mwaka 2009 kwamba chini ya dakika 150 kwa wiki hakuna upungufu mkubwa wa uzito unaotarajiwa, na kwamba upungufu wa maana huonekana kwa wanaozidi dakika 250. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliunganisha mambo yote mawili: mlo uliopunguzwa kwa lengo la kushusha asilimia 7 ya uzito, na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Waliofuata mpango huo walipata kisukari kwa kiwango cha chini kwa asilimia 58 kuliko wasiopewa mpango wala dawa. Waliopewa metformini walipata nafuu ya asilimia 31.

Kuandika mazoezi kama dawa

Neno "fanya mazoezi" halitoshi, kama ambavyo "meza dawa" lisingetosha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kipimo rahisi cha wastani ni mazungumzo: anayetembea awe anaweza kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo kwa wanaotumia dawa kama atenololi au propranololi, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Aliyekuwa hatembei kabisa aanze na dakika 10 na kuongeza kila wiki.

Mgonjwa aulizwe pia kuhusu mtaa wake. Je, barabara ina njia ya waenda kwa miguu? Alfajiri kuna usalama, au atafute mwenzake? Katika miji mingi vipo vikundi vya mbio za polepole vinavyokutana mwisho wa wiki, na huwasaidia wanaoona haya kukimbia peke yao. Lisipuuzwe suala la macho ya watu. Bado wapo wanaoutazama unene kama heshima na kupungua kama dalili ya maradhi yasiyotajwa; mama anayepungua huulizwa na majirani kama anaumwa. Mhudumu akilizungumza mapema, mgonjwa huwa na jibu tayari.

Yapo mambo yanayotaka tahadhari. Kujifunga nailoni ili kutoka jasho jingi huondoa maji, si mafuta, na katika joto la pwani ni hatari, zaidi kwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo. Kufanya mazoezi ya tumbo pekee hakuyeyushi kitambi mahali hapo. Mwenye maumivu ya kifua, kuzimia, au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida achunguzwe kabla ya kuanza, na mwenye shinikizo la milimita 180 kwa 110 au zaidi lidhibitiwe kwanza. Mwenye magoti mabovu apewe baiskeli au maji ya kuogelea badala ya kukimbia. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo avae viatu vilivyofunika vidole na azikague nyayo kila jioni, au akaguliwe na mtu wa nyumbani.

Anayetumia insulini au glibenklamidi ahitaji maelekezo yake mwenyewe. Sukari ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita kabla ya kuanza, ale kwanza kitu chenye wanga, mfano ndizi moja; asichome insulini pajani muda mfupi kabla ya kutembea, kwani msuli unaofanya kazi huifyonza haraka; na awe na glukosi au sukari mfukoni. Uzito unapoanza kushuka, dozi zake zipitiwe upya katika kila hudhurio, maana dawa iliyomtosha akiwa na kilo 86 yaweza kumwangusha njiani akiwa na kilo 78.