Daftari la Mtu wa Sala

SWALI: Katika ushirika wetu tunafundishwa kwamba anayemtegemea Mungu hahesabu fedha. Je, kuweka akiba ni kupungukiwa imani?

JIBU: Fundisho hilo lingemshangaza George Müller. Mzaliwa huyo wa Prussia (1805) alifungua makao ya yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836, akaazimia kutomwomba binadamu yeyote fedha. Haja zake angezipeleka kwa Mungu tu. Hadi anafariki mwaka 1898, yatima wapatao 10,000 walikuwa wamelelewa humo.

Lakini mtu huyohuyo wa sala aliandika kila kilichoingia na kutoka. Mchango, hata uwe mdogo namna gani, ulitolewa risiti, na kila mwaka hesabu zilichapishwa ili yeyote azisome. Madeni hakuyataka kabisa. Wapo wanaosema taarifa hizo zenyewe zilikuwa ombi la kimyakimya, na hoja yao haipuuziki.

Müller alikuwa na sababu ya kutojiamini. Utotoni alimwibia baba yake, mkusanya kodi, fedha za serikali. Akiwa na miaka 16 alitiwa jela kwa kukwepa kulipa hoteli. Daftari lile linaonekana kuwa unyenyekevu zaidi kuliko mashaka: aliujua udhaifu wa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo muuliza swali asiifunge akaunti yake. Na siku moja, baada ya ibada, aulize kwa upole hesabu za sadaka za ushirika husomwa lini.