Somo la Kiingereza: Maneno Madogo Kwenye Karatasi ya Mkopo

Ndugu wanakikundi, karatasi za mkopo mara nyingi huja kwa Kiingereza. Kabla hamjatia sahihi au kidole gumba, tafuteni maneno "when", "until" na "unless". Ni madogo, lakini ndiyo yanabeba sharti.

1. "The group will pay when a member fails." Mwenzenu akishindwa, kikundi kitalipa.

2. "We keep the title deed until you finish." Hati ya shamba watakaa nayo mpaka mmalize.

3. "There is no fine unless you pay late." Hakuna faini msipochelewa, mkichelewa, ipo.

Sisi tunaficha sharti ndani ya kitenzi: -ki-, -sipo-. Kiingereza huliwekea neno lake. Anayeishia "no fine" hufurahi bure. Someni mpaka nukta.