Mzazi Akifa, Sikukuu Isife Naye

Kariakoo ni mtaa wa wageni tangu zamani. Jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Hata leo wengi wafanyao biashara katika mtaa huo kwao ni mbali. Kila Desemba ikifika, maduka mengi hufungwa, nao Wachagga wenye maduka hayo hushika njia ya Moshi, Kibosho, Marangu na Rombo, safari ya zaidi ya kilometa 500. Treni ya abiria ya Moshi, iliyokuwa imekoma kwa zaidi ya miaka 20, ilirudi Desemba 2019, nayo ikapokewa kwa furaha.

Lakini leo twataka kusema habari za wale wasiosafiri tena. Hao ni watu waliofiwa na baba na mama. Mwaka wa kwanza walikwenda kwa ajili ya kaburi. Mwaka wa pili walituma fedha. Mwaka wa tatu nyumba ya kihambani ilifungwa kwa kufuli. Wengine wako mjini hapa, wengine wako mbali zaidi, Omani, Uingereza au Marekani. Siku ya Noeli hupika na kula, lakini moyoni waona upungufu.

Je, ni kitu gani hasa wamekipungukiwa? Wengi hujibu kwamba ni mtori, kisusio, na mbege ya ndizi mbivu na ulezi. Jibu hilo halitoshi. Ndizi za Kilimanjaro hushushwa Dar es Salaam kwa malori, na mwenye kutaka kupika mtori hashindwi. Lakini baada ya kula, upungufu ungalipo.

Basi tutazame kazi aliyoifanya mzazi siku ile. Kwanza, aligawa. Mbuzi alipochinjwa, nyama haikugawanywa ovyo, bali kila fungu lilikuwa na mwenyewe kwa kadiri ya ujamaa wake. Mtoto aliyetumwa, "Peleka hili kwa shangazi yako," alijifunza shangazi ni nani na kwake ni wapi. Pili, alipatanisha. Ndugu waliokosana hawakuachwa waketi mbalimbali. Mwenye kuomba radhi alichukua jani la isale, nao wazee walilijua neno la jani hilo. Tatu, alikumbuka. Alitaja waliokufa, waliozaliwa, na mtoto aliyekosa karo ya shule.

Kumbe kilichokufa ni kazi iliyokosa mrithi! Sisi watoto twadhani sikukuu ilikuja yenyewe, kama mvua. La, haikuja yenyewe hata mara moja. Baba na mama waliipokea kwa wazee wao, nao pia siku hiyo walikuwa na huzuni ya waliotangulia.

Hasara yake si ya moyo tu. Ndugu wasiokutana mezani, mwishowe hukutana kwenye baraza la ardhi, wakigombania mipaka ya kihamba mbele ya watu wasiowajua wazazi wao. Watoto wao hupishana katika barabara za Kariakoo pasipo kujua kwamba ni damu moja.

Yafaa tufanye nini basi? Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu Wote, ndugu washauriane nani ataketi katika kiti cha mzazi Noeli ijayo. Si lazima awe mwenye fedha nyingi; awe ndiye wanayemsikiliza. Kisha waulize wazee walio hai, shangazi na wajomba, desturi za mgawo, majina ya mababu, na mahali pa makaburi. Wayaandike katika daftari mwaka huu huu, kwa maana nao hawatakaa milele.

Tunajua kwamba nauli ya watu sita ni mzigo mzito, na ya kuvuka bahari ni nzito zaidi. Asiyeweza kwenda kila mwaka aende kila baada ya miaka kadhaa, watoto wake wangali wadogo. Na mwaka asiokwenda, afanye kazi ile ile mahali alipo. Kilo mbili za nyama zikigawanywa kwa majina, fungu moja likapelekwa kwa binamu wa mtaa wa pili, zatosha. Simu ya kuomba radhi, ikipigwa kabla ya chakula, yatosha. Lakini fedha zitumwazo bila neno hazipatanishi mtu.

Kumlilia mzazi ni haki yake. Hata hivyo, aliye na watoto na akumbuke kwamba sasa wao wamtazama yeye, wakingoja aanze kugawa.