Umakini na Mipaka Yake: Somo Kutoka Vibanda vya Wakalimani wa Arusha

Katika taarifa za maendeleo ambazo shule huwapelekea wazazi kila mwisho wa muhula, mna sentensi moja isiyokosekana: "Ana uwezo, ila hana makini." Sentensi hiyo huandikwa kana kwamba umakini ni tabia ambayo mtoto hujichagulia mwenyewe, kama vile unyofu au uvivu. Elimunafsia haikubaliani na maoni hayo. Umakini ni uwezo wa akili wenye mipaka. Mipaka hiyo hupimika, na mmojawapo mwalimu aweza kuupima darasani kwa saa na karatasi tu. Ili kuieleza tutaanzia mjini Arusha, mahali ambapo kwa miaka mingi kupotewa na makini kwa sekunde chache kungeweza kuharibu ushahidi wa mtu.

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kimataifa ya kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari yaliyotokea Rwanda mwaka huo. Makao yake yaliwekwa Arusha, chini ya Mlima Meru, katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, na ilifanya kazi hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, lakini mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Kwa hiyo kati ya kinywa cha shahidi na sikio la jaji alikuwapo mkalimani. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hukumu tarehe 2 Septemba 1998, maneno ya Kinyarwanda yalifasiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwa Kiingereza. Majaji waliona lazima kuandika ndani ya hukumu yenyewe sehemu maalumu juu ya ugumu huo, wakifafanua maana ya maneno kama inyenzi, ambalo katika mazungumzo ya kawaida ni jina la mende tu.

Ukalimani wa aina ngumu zaidi ni ule uitwao ukalimani sawia. Mkalimani hukaa ndani ya kibanda cha kioo, akisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Anasema sentensi iliyokwisha kupita huku akisikiliza ile inayofuata. Hana nafasi ya kusema, "Tafadhali rudia." Kwa sababu hiyo desturi ya taaluma hii ni kwamba wakalimani wawili au zaidi hukaa pamoja na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Yule asiyesema hapumziki kabisa; humwandikia mwenzake tarakimu na majina ya watu, kwani hayo ndiyo huponyoka upesi. Asiyejua aweza kudhani kuwa kuwalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja ni anasa. Lakini kwa nini nusu saa, na si saa tatu?

Jibu mojawapo lilipatikana Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watazamaji wa rada katika ndege zilizotafuta nyambizi za adui walikuwa wakipitwa na alama zilizotokea mbele ya macho yao. Norman Mackworth, wa Cambridge, alitengeneza kitu mfano wa saa ya ukutani, isiyo na tarakimu, yenye mshale mmoja uliokwenda kwa kuruka hatua ndogo ndogo. Mara chache mshale uliruka hatua mbili kwa pamoja, na mtazamaji alitakiwa kubonyeza kitufe kila aonapo hivyo. Kazi hiyo ilidumu saa mbili. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1948, yalionyesha kwamba baada ya nusu saa ya kwanza watu walianza kukosa alama nyingi zaidi. Watu hao walikuwa na nia njema na macho mazima. Walipopewa zamu za nusu saa zilizotenganishwa na mapumziko, upungufu huo ulizuilika.

Yatupasa tuwe waangalifu hapa. Kutazama mshale si sawa na kufasiri ushahidi wala kutatua hesabu. Mwanafunzi aliyezama katika tatizo linalompendeza aweza kudumu kwa muda mrefu kuliko huo. Nusu saa si sheria ya maumbile. Kilicho dhahiri ni kwamba umakini hupungua kwa kutumika, na kwamba mapumziko yaliyopangwa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mpaka wa pili ni upana. Mwaka 1953 Colin Cherry, wa Imperial College, London, aliwasikilizisha watu habari mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kila sikio, akawataka wairudie kwa sauti ile ya sikio moja. Waliweza. Lakini walipoulizwa juu ya habari ya sikio la pili, hawakujua karibu neno lolote. Walitambua kama sauti ilibadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke; lugha ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani, hawakutambua. Mwanafunzi anayesema kwamba anasoma Bayolojia huku akifuatilia matangazo ya mpira redioni afikirie jambo hili.

Mpaka wa tatu ndio unaotuhusu zaidi shuleni, nao ni gharama ya kuhamahama. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka; mwaka 1927 Mmarekani Arthur Jersild alipima jambo hilo kwa saa. Jaribio lake laweza kufanywa katika shule yoyote. Kila mwanafunzi aandike safu tatu, kila moja yenye nambari 20 za tarakimu mbili, zilizochanganywa. Katika safu ya kwanza aongeze 6 kwa kila nambari. Katika ya pili atoe 3. Katika ya tatu apokezanishe: nambari ya kwanza aongeze 6, ya pili atoe 3, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Mwenzake apime muda wa kila safu. Hesabu ni zile zile, hakuna lililoongezwa, lakini safu ya tatu kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi. Toa wastani wa safu mbili za kwanza katika muda wa safu ya tatu, gawanya kwa 19, maana ndani ya nambari 20 mna mihamo 19, nawe utapata gharama ya mhamo mmoja. Nusu ya darasa ianze na safu ya tatu, ili mazoezi yasije yakapotosha matokeo. (Wanafunzi wakiuliza kwa nini, siku hiyo wamejifunza jambo kubwa kuliko lile lililokusudiwa.)

Sasa tutazame kipindi cha dakika 40 katika shule zetu. Kiranja anaingia kuchukua idadi ya waliohudhuria. Baadaye anakuja mwingine kuwaita waliochelewa kulipa mchango. Mara tangazo la mkutano. Kila tukio huchukua dakika moja, na mwalimu huhesabu dakika hizo tu. Hahesabu mihamo. Kwa maoni yangu matangazo yote yangeweza kungoja kengele, na mkuu wa shule ndiye mwenye uwezo wa kuamuru hivyo, si mwanafunzi.

Kuhusu simu ya mkononi, uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2017 ulidai kwamba hata simu iliyozimwa hupunguza uwezo wa kufikiri ikiwa tu karibu na mwenyewe. Tafiti zilizofuata hazikutoa matokeo yanayolingana, kwa hiyo tusilishike sana dai hilo. Simu inayolia ni jambo jingine. Huo ni mhamo, na gharama yake tumekwisha kuipima.

Mwanafunzi wa kutwa wa Tengeru au Ngaramtoni hana mkuu wa shule nyumbani. Ana saa moja na nusu ya jioni, na ndani yake ataitwa kukata majani ya ng'ombe au kuteka maji, na ni haki aitwe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayeiacha kazi kabla haijamalizika huendelea kuifikiria, na kazi ya pili huharibika. Baadaye aliona kuwa inasaidia mtu akiandika kwanza, kwa ufupi, amefika wapi na ataanzia wapi. Basi mama anapoita, mwanafunzi aandike pembeni mwa daftari, "Swali la 4: nimepata y, imebaki kutafuta x," ndipo achukue mundu.